IST yangu: nimwage oili mwenyewe uani, nimwite fundi nyumbani, au niendelee na gereji?

Mkazi wa Goba (mleta mada)

Habari za Jumamosi wakuu.

Nina Toyota IST ya 2004, injini ya 1.3 (2NZ), imetembea kilomita 148,000. Nalala nayo ndani ya geti, uani pana zege nusu na mchanga nusu. Kwa mwaka natembea kama kilomita 15,000, nyingi zikiwa foleni ya kwenda na kurudi mjini.

Kilichonileta ni hiki. Kwenye sevisi iliyopita nilipeleka gari gereji moja, nikaacha hela ya oili na filta, nikawahi kazini. Jioni nikakabidhiwa gari na stika ya tarehe imebandikwa pembeni ya kioo, safi kabisa. Juzi nimeinama chini kutafuta kitu kinachokwaruza, macho yakaenda kwenye filta. Ina mstari wa rangi nyeupe niliouchora mwenyewe mwaka jana. Yaani stika ni mpya, filta ni ileile. Oili nayo ilishakuwa nyeusi kama lami wiki mbili tu baada ya kumwagwa, kama kweli ilimwagwa.

Sasa napima njia tatu. Kwanza, kununua vifaa nijifanyie mwenyewe: oili, filta, ea klina, plagi, na baadaye pedi za breki za mbele. Pili, kumwita fundi aje uani kwangu, nimsimamie. Tatu, kuendelea na gereji ila nibadilishe gereji. Waliowahi kupita humu naomba mnipe hesabu na hatari zake. Ufundi wangu mpaka sasa ni kubadilisha tairi na balbu.

Nyundo ya Segerea

Naweka kiti hapa, nasubiri wajuzi.

Laki Tatu Kilomita

Mkuu pole kwa filta, ila usikimbilie spana kwa hasira. Tufanye hesabu.

Jeki ya magurudumu ya kuaminika sikuipata chini ya 150,000. Stendi mbili 70,000. Seti ya soketi isiyopinda siku ya pili 60,000. Kifungulio cha filta 15,000, beseni na faneli 10,000. Jumla 305,000 na bado hujanunua oili. Mimi fundi wangu nampa 15,000 kwa kumwaga oili. Wewe kwa mwaka utamwaga mara tatu, kila kilomita 5,000, hiyo ni 45,000. Gawanya mwenyewe: utatumia karibu miaka saba kurudisha hela ya vifaa. Kufikia hapo IST utakuwa umeshaiuza.

Video tunazotazama za Wamarekani wanasema utaokoa dola kadhaa. Ni kweli, kwao. Kwao saa moja ya fundi ni ghali kuliko oili yenyewe. Kwetu ghali ni oili, fundi ni bei ya chakula cha mchana cha watu watatu. Ukijifanyia mwenyewe unaokoa kile kilichokuwa rahisi tangu mwanzo.

Spana Namba 14

Laki Tatu hesabu yako iko sawa ila umeipigia kitu kisichoulizwa. Mleta mada hajalia bei ya fundi. Analia filta. Ile 15,000 haijamuuma, kilichomuuma ni kulipia kitu kisichoingia kwenye gari. Hiyo hasara ni ya pesa ngapi? Oili feki au iliyorudiwa inakula injini polepole, hutaiona kwenye risiti.

Na kuna jambo dogo watu hawaligundui. Hiyo injini ya 2NZ ukibadilisha pamoja na filta inakula lita 3.7. Wewe unanunua galoni la lita 4. Inabaki kama robo lita na ushee. Mkazi wa Goba, hebu jiulize, tangu umemiliki gari umewahi kurudishiwa galoni lenye mabaki? Mimi kabla sijaanza kujifanyia sikuwahi. Magari kumi kwa siku, robo robo hizo, kuna mtu anapata galoni za bure.

Mimi niko Mwanza, mwaka wa nne huu najifanyia mwenyewe Vitz. Oili, plagi, ea klina, betri, mkanda wa alternata, balbu. Kazi ya oili mara ya kwanza ilinichukua nusu siku, sasa ni dakika arobaini na chai juu.

Mkazi wa Goba

Galoni lenye mabaki? Kusema ukweli, sijawahi. Hata galoni tupu sijawahi kuliona.

Dada wa Noah

Kaka, mimi nitetee ile njia yako ya pili maana naona wanaume mnagombea spana tu.

Nina Noah inabeba watoto wa shule Kibaha, ikilala siku moja wazazi wananipigia simu mpaka betri inaisha. Sina muda wa kujifunza kulala chini ya gari, na gereji za kuacha gari kutwa siziwezi. Kwa hiyo fundi anakuja kwangu Jumapili. Spea nanunua mwenyewe mtaa wa Gerezani, Dar, kwenye duka lilelile, nikishika filta ya zamani mkononi ili wasinipe inayofanana. Fundi hagusi hela ya spea hata shilingi. Yeye namlipa ufundi wake, na namwongezea kidogo kuliko bei ya kijiweni, makusudi, kwa sababu ile faida aliyokuwa akiipata kwenye spea nimemkatia. Usipoelewa hilo atakuchukia au atakukwepa.

Kwenye dashibodi kuna daftari. Tarehe, kilomita, nini kimeingia, nini kimetoka. Filta ya zamani na pedi za zamani naachiwa mimi. Anayekataa kuniachia kilichotoka, simwiti tena.

Na jambo la mwisho, mwanamke ukipeleka gari gereji mara nyingi tatizo la bushi moja linageuka kuwa bushi nne, bolijointi mbili na “dada hii rejeta nayo inachungulia”. Nikiwa uani kwangu, kwenye kiti changu, maneno hayo yanapungua.

Nyundo ya Segerea

“Rejeta inachungulia” 😂😂 hiyo nimeambiwa na mimi.

Fundi Mstaafu

Nimesoma wote. Nimeshika spana tangu 1983, sasa macho yamechoka, nabaki kuelekeza wajukuu.

Mleta mada, nikurekebishe kwanza sehemu moja ili usimwonee mtu. Oili kuwa nyeusi baada ya wiki mbili siyo ushahidi wa wizi. Oili nzuri ina dawa za kuosha, inabeba masizi yaliyobaki ndani ya injini, na kwa injini ya kilomita 148,000 ambayo haikuwa ikimwagwa kwa wakati, yapo mengi. Oili inayobaki safi kama mpya muda mrefu kwenye injini chafu ndiyo ya kutilia shaka. Ila filta yenye alama yako ni ushahidi. Hapo umeshika mkia wa paka.

Sasa kuhusu kujifanyia. Watu humu mnapanga kazi kwa ugumu: hii rahisi, hii ngumu. Mimi nawafundisha vijana wapange kwa swali jingine: nikikosea hii, atakayelia ni nani? Ukikosea plagi, gari litatetemeka utalia wewe. Ukikosea oili, injini itakufa utalia wewe na benki yako. Ukikosea breki au usukani, atalia mama wa mtu aliyekuwa anavuka barabara. Kwa hiyo kubadilisha pedi ni rahisi kuliko kubadilisha plagi za nyuma kwenye injini ya V6, lakini pedi zinahitaji mtu mzoefu akusimamie mara ya kwanza na ya pili, V6 unaweza kuhangaika nayo peke yako wiki nzima.

Na kabla ya yote hayo kuna kulala chini. Jeki inayokuja na gari ni ya kubadilishia tairi. Siyo ya kulalia chini. Jeki ya mafuta nayo ina mpira ndani, mpira ukichoka inashuka, wala haikuagi. Watu wanaweka tofali. Tofali la saruji halitoi onyo, linabeba, linabeba, halafu linapasuka mara moja. Nimesaidia kumvuta mtu chini ya gari akiwa mzima, na siku nyingine nikavuta mwingine akiwa hayupo. Wa pili alikuwa anakaza nati moja tu, ya bomba la moshi, “dakika moja”. Stendi za chuma, mahali pa zege, siyo pale kwenye mchanga wako. Gari likishakaa juu ya stendi, lisukume kwa bega lako. Likicheza, usiingie.

Spana Namba 14

Shikamoo mzee. Hilo la breki naliungama hadharani.

Mwaka wa kwanza nilibadilisha pedi za mbele mwenyewe. Kazi nzuri, nikarudisha pistoni ndani ya kalipa kwa klampu, nikapaka grisi zile pini, nikafunga tairi, nikafurahi. Nikawasha gari nirudi nyuma nitoke getini. Kanyaga breki: pedali ikaenda mpaka chini kama nimekanyaga sponji. Geti la mwenye nyumba likalala, na mimi nikalipa 180,000 ya kuchomelea.

Sikujua kwamba ukishasukuma pistoni ndani lazima ukanyage pedali mara kadhaa, gari likiwa limesimama, mpaka iwe ngumu. Hakuna kilichoharibika, pistoni zilikuwa mbali na pedi tu. Kama ningekuwa nimeelekea barabarani sijui. Tangu siku hiyo breki namwita fundi, mimi nashika tochi.

Mkazi wa Goba

Mzee shikamoo, asante sana. Hilo swali lako la nani atalia nimelisoma mara mbili. Naomba basi unielekeze kwenye oili peke yake, breki nimeziondoa kwenye orodha.

Na swali la pili: kuna anayenishauri niweke oili nzito ya 20W-50 kwa sababu ya joto la Dar. Na mwingine ananiambia nibadilishe mkanda wa taimingi kwa kuwa nimekaribia 150,000.

Fundi Mstaafu

Marahaba wote wawili.

Mkanda wa taimingi huna. Injini za NZ zina cheni. Anayetaka kukuuzia mkanda wa taimingi wa IST muulize ataufunga wapi. Cheni inadumu ikiogeshwa oili safi, ikichoka utaisikia ikigonga asubuhi unapowasha.

Oili: 5W-30 ndiyo iliyokusudiwa. Ina VVT-i, mfumo unaogeuza kemshafti kwa kutumia presha ya oili yenyewe, kupitia vitundu vyembamba. Ukimpa uji mzito wa 20W-50 hafi, ila anakuwa mvivu. Joto la Dar siyo kitu, injini yako ikishapata moto ina digrii tisini na kitu hata ukiwa kwenye baridi ya Makete. Kama imeanza kula oili, panda hadi 10W-40, usivuke hapo.

Kumwaga. Washa injini dakika tano ipate uvuguvugu, izime. Uvuguvugu nimesema, siyo moto, oili ya moto inachuna ngozi. Nyanyua, weka stendi. Boliti ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ni namba 14. Hakikisha unalegeza, kuna watu wanalala chini mikono inageuka kushoto kulia, wanakaza wakidhani wanafungua. Acha itiririke mpaka idondoke tone tone. Weka washa mpya kwenye boliti, ni kitu kidogo mno cha bei ndogo, na ndicho kinacholeta matone ya baadaye. Kaza kwa nguvu ya kawaida ya mkono kwenye spana fupi. Wenye toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, ni kama nyuton mita 37. Sampu nyingi ninazoziona zimechanwa nyuzi na vijana wanaokaza kama wanafunga gurudumu la fuso.

Filta sasa. Ukiitoa, tazama mpira wake umetoka nao? Mara nyingine mpira wa zamani unabaki umeganda kwenye injini. Ukifunga filta mpya juu yake, mipira miwili, itashika ukiwa uani na itafumuka ukiwa barabarani, oili yote chini kwa dakika chache. Pitisha kidole. Mpira wa filta mpya upake oili kidogo, ifunge kwa mkono mpaka iguse, halafu ongeza robo tatu ya mzunguko. Kwa mkono. Kifungulio cha filta ni cha kufungulia, jina lake limeshakuambia.

Mimina lita tatu na nusu kwanza, washa, taa ya oili izime ndani ya sekunde chache, zima, subiri, pima kwa stiki, malizia. Kesho asubuhi angalia chini ya gari.

Laki Tatu Kilomita

Mzee umemaliza. Ila mimi bado narudi pale pale, hayo yote kwa 15,000?

Dada wa Noah

Laki Tatu, wewe fundi wako unamwamini kwa miaka mingapi?

Laki Tatu Kilomita

Kumi na mmoja. Alinifungia gari kabla sijaoa.

Dada wa Noah

Basi sema hivyo tangu mwanzo. Wewe huna gereji, una ndugu.

Jirani wa Kasarani

Wadau, salamu kutoka Nairobi. Huku wengi wetu tunaishi fleti, na hilo la uani halipo. Niliwahi kumwaga oili kwenye maegesho, ikadondoka kidogo kwenye kabro. Mlinzi akapiga picha, mwenye nyumba akanitoza faini na nikasugua kwa sabuni na vumbi la mbao hadi jioni. Kwa hiyo ile njia ya kwanza kwangu ni ya sebuleni tu: nafungua ea klina naipuliza, nabadilisha plagi, nasafisha vichwa vya betri, napima chaji. Injini ikiwa imezimwa usiku mzima betri nzima inasoma karibu volti 12.6, ikinguruma inafika kama 14. Ukiona 12 na nusu gari likiwa linanguruma, alternata ndiyo mgonjwa, usikubali kuuziwa betri. Hilo peke yake liliniokoa bei ya betri mwaka jana.

Yale ya chini ya gari napeleka Grogan, kule kwenye magereji, na nasimama hapo hapo. Mekanika hapendi, lakini nimemzoesha: namletea soda, nashika tochi, sitoki. Nimenunua pia kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani kinachosoma makosa ya injini kwenye simu. Kwenye Demio ya jirani kinafanya kazi vizuri. Kwenye gari langu la zamani la Kijapani kilikaa kimya kama jiwe, maana si magari yote ya soko la Japani ya miaka ile yanazungumza lugha hiyo. Jaribu kwa kuazima kabla hujanunua.

Chumvi ya Unguja

Huku kwetu nyongeza moja tu. Boliti za chini zinaliwa na kutu ya hewa ya bahari. Nilidhani nitabadilisha shokapu Jumamosi asubuhi, Jumamosi jioni nilikuwa na boliti mbili zilizokatika na gari juu ya stendi mpaka Jumatatu. Mwaga dawa ya kutu usiku wa kuamkia kazi. Na ile springi ya shokapu ya mbele msiifungue nyumbani bila kibanio chake, ikiruka haina adabu.

Fundi Mstaafu

Kweli kabisa. Springi, gesi ya AC, na gia boksi, hivyo vitatu msijaribu. Gia boksi hasa: IST za kwanza kama ya mleta mada zina otomatiki ya kawaida, zilizofuata kuanzia 2007 zina CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua, na oili zake haziingiliani. Ukimpa CVT oili ya otomatiki ya kawaida umeinunulia jeneza.

Mkazi wa Goba

Wakuu narudi na mrejesho, wiki tatu baadaye.

Nimefanya mchanganyiko. Jeki na stendi nimeazima kwa shemeji, kwa hiyo hesabu ya Laki Tatu imeshuka hadi 85,000 kwa soketi, kifungulio, beseni na faneli. Oili, filta na washa nilinunua mwenyewe. Nikamwita fundi wa mtaani aje kwa bei ya Dada wa Noah, lakini siyo kufanya kazi: akae kwenye kiti anitazame nikifanya. Alicheka sana, akasema hajawahi kulipwa kukaa. Alinisimamisha mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nakaza boliti badala ya kulegeza, kama mzee alivyotabiri. Mara ya pili nilitaka kukaza filta kwa kifungulio.

Kazi ilichukua saa mbili na nusu nzima. Mgongo unauma, zege limebaki na doa la ukubwa wa sahani. Filta ya zamani nimeikata kwa msumeno nione ndani, karatasi imekuwa nyeusi na imeanza kukunjana. Asubuhi yake chini ya gari palikuwa pakavu.

Pedi za mbele amezikagua, zimebaki nusu. Zikifika wakati wake atafanya yeye, mimi nitashika tochi.

Swali lililobaki: hii oili chafu naipeleka wapi? Iko kwenye dumu nyuma ya tangi la maji na mke wangu anauliza kila siku.

Spana Namba 14

Hongera mkuu. Usimwage kwenye mtaro wala shimo la taka. Mimi napeleka kwenye kituo cha mafuta ambako wana pipa la oili chafu, kuna wakusanyaji wanaichukua. Uliza vituo vya jirani, siyo vyote.

Laki Tatu Kilomita

Jirani yako mwenye nguzo za mbao ataiomba azipake kuzuia mchwa. Wengi wanafanya hivyo.

Fundi Mstaafu

Wengi wanafanya, na visima vyao viko hatua kumi kutoka kwenye hizo nguzo. Peleka kituoni.

Dada wa Noah

Hongera kaka. Na galoni je? Ilibaki kiasi gani?

Mkazi wa Goba

Robo lita na ushee kidogo, kama alivyosema Spana. Nimeiweka kabatini pamoja na daftari.